Viatu vya Kitanda

Jumatatu, 4 Machi

Mama kaanguka tena. Alfajiri, nikiwa jikoni nachemsha maji. Nilisikia kishindo, nikajua. Humu ndani hakuna kitu kingine chenye kishindo kile.

Nimemkuta chini, kakaa kama mtu aliyeamua kupumzika, mgongo kauegemeza kitandani, kilemba kimemtoka. Kabla sijafungua mdomo akaniambia nisimshike. Eti alikuwa anashuka kama siku zote, ila leo sakafu ilikuwa mbali. Sakafu ilikuwa mbali! Nilicheka. Halafu nikaenda jikoni nikalia kidogo, halafu nikachelewa kazini.

Kweli kile kitanda kimeinuka mno. Ni cha tangu ndoa yake, mbao ngumu, kilitengenezwa enzi ambazo mvunguni ndiyo ilikuwa stoo. Alipohamia kwangu baada ya nyonga kuanza kumsumbua, kilikuja naye, na tuling'oa fremu ya mlango ndipo kikaingia. Nilimwambia tununue kingine, cha chini. Akanitazama kana kwamba nimesema tununue mama mwingine.

Kutwa nimekunja mashuka ya hoteli. Vitanda vya watu. Jioni narudi, kitanda chetu. Miguu inawaka moto.

Jumanne, 5 Machi

Kaka kapiga simu. Mke wa jirani ndiye aliyempasha habari — ukuta wetu na wao ni mmoja, na siri zetu vilevile. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alitumia ile sauti yake ya ofisini: mimi niko kazini, Mama yuko peke yake, siku nyonga ikivunjika tutasema nini? Kwake kuna nafasi, kuna mkewe, kuna msichana wa kazi. Anakuja Jumapili ya tarehe 17. Akimkuta Mama anaweza kushuka na kuinuka kitandani mwenyewe, hatasema neno, atakunywa chai aende zake. Asipoweza, wanaondoka wote siku hiyohiyo.

Simu ilikuwa kwenye spika. Mama alisikia yote. Akasema kwa Kaka atakuwa anainuliwa kila asubuhi kama gunia, na msichana ambaye hamjui hata kwao wapi. Kisha akaniambia: "Kata miguu."

Nikashtuka.

"Ya kitanda, wee!"

Hapa naandika kwa sababu hakuna atakayesoma. Kaka aliposema ataondoka naye, kuna mahali ndani yangu palishusha pumzi. Sikupapenda mahali hapo. Lakini palishusha pumzi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepita kwa seremala wa kona, nikitoka kazini. Nilitaka aje akate yeye, tumalize. Mama kakataa katakata. Mwanamume asiyemjua aingie chumbani mwake na msumeno? Tumsitiri, jamani. Basi nikaenda kuomba ushauri tu.

Seremala anapenda kuongea kuliko kuranda. Msumeno si msumeno tu, akaanza, ni kama mwanamke — nikamkazia macho — ni kama kiatu, akasema, kila kazi na chake. Akanionyesha wenye meno makubwa, wa kupasua mbao kufuata nyuzi zake. Kisha wenye meno madogo, wa kukata kukingama. Kisha mfupi, una ukanda wa chuma mgongoni, haupindi, wa kazi inayotaka unyoofu. Mguu wa kitanda unakatwa kukingama, kwa hiyo meno madogo. Na nipime kwanza unene wa mguu, kwa sababu ule ukanda wa chuma ukifika kwenye mbao, msumeno unagota, hauendi tena. Ukiwa mwembamba kuliko mguu umenunua pambo la ukutani.

Nikamwambia kwamba Kaka ananitumia video za mashine za umeme. Akacheka. Akanionyesha kidole gumba, kovu limekipita kama pindo la shuka. Hili si la mashine, akasema. La msumeno wa mkono, siku aliyokuwa anabishana na mkewe kwenye simu. Mashine inakata asiyejua, wa mkono unakata asiyesikiliza.

Nikaomba aniazime mmoja. Msumeno na mswaki haviazimwi, akanijibu. Vyote vina meno ya mtu.

Nimerudi Mama kalala. Sikumwamsha. Kufua, kupika, kesho.

Jumamosi, 9 Machi

Niandike upesi.

Jirani, mume wa yule mpasha habari, kaja asubuhi na msumeno wa umeme. Mtaa mzima tunamwita Injinia kwa sababu aliwahi kutengeneza redio, na redio ilikubali. Mashine yenyewe ni ile ya duara, inanguruma hadi vikombe vinatikisika. Ina kinga ya bati ya kufunika meno. Injinia kaifunga kinga kwa waya isishuke. Nikauliza kwa nini. Inamsumbua, akasema, inamziba asione mstari. Mimi na elimu yangu ya mashuka nikanyamaza. Hapo ndipo nilipokosea.

Tukasema tujaribu kwanza ubao wa zamani. Tukauweka juu ya vigoda viwili, uani, yeye anakata katikati, mimi nimeshika ncha. Katikati! Ubao ulipokaribia kukatika ukabonyea, ukalibana lile duara la meno pande zote, na mashine ikaruka nyuma kama punda aliyeguswa mkia. Ikamtoka mikononi. Ikaanguka kwenye ngazi, bado inazunguka, inatafuna saruji. Injinia kasimama tu. Mimi nimesimama tu. Aliyepiga kelele ni Mama, dirishani: "Ng'oa waya! Ng'oa waya, nyinyi!"

Injinia akang'oa plagi. Kimya.

Nilikuwa nimevaa lile gauni la mikono mipana. Mkono wa kushoto umepasuka kutoka kwenye kiwiko hadi pindo. Wa gauni. Wa gauni tu. Mungu wangu.

Injinia kaomba radhi karibu apige magoti. Nikamwambia afungue ule waya wa kinga mbele yangu. Kaufungua. Mashine imerudi kwao.

Mama hakusema nilikwambia, ingawa angeweza. Alisema afadhali meno anayoyaona.

Mchana nikaenda duka la vifaa. Nilikuwa nimepima unene wa mguu wa kitanda kwa kamba, kamba mkononi. Muuzaji akanichagulia mrembo mmoja mdogo wa mpini mwekundu. Nikaweka kamba, haufiki. Nikanyooshea kidole mwingine, mfupi lakini mpana, wenye mgongo wa chuma. Ule wa kiume, akasema. Nikamuuliza kwani unashikwa kwa ndevu? Wateja wakacheka, na yeye akacheka, akautoa. Nikaushika. Vidole vikaingia vyote kwenye mpini bila kubanana. Nikautazama kwa urefu, jicho moja nimefumba, kama seremala alivyonionyesha: haujapinda. Nikachukua na miwani ya kuzuia vumbi, na kibano cha chuma cha kukazia mbao isicheze.

Huu ni msumeno wangu wa kwanza. Umri huu! Nimeuweka juu ya kabati, umefunikwa taulo.

Jumapili, 10 Machi

Nimeharibu.

Nianze mwanzo. Asubuhi nilimpeleka Mama kwa jirani, asivute vumbi, asikae anakodoa macho. Hakutaka. Nikamvalisha viatu, nikampeleka. Injinia akaja tukalaza kitanda ubavu. Chini yake nikafagia: vumbi, pini, kifungo, kipande cha kandambili kuukuu. Vyote kwenye ndoo ya taka. Nilijisifu kwa usafi.

Kisha kazi. Gauni la mikono mifupi, nywele nimefunga, miwani. Nilianza na ubao wa jana, kujifunza. Hapo nikagundua msumeno unavutwa kwanza, hausukumwi — unavuta taratibu mara mbili tatu mpaka upate njia yake, kidole gumba kinauelekeza, halafu kidole unakiondoa mbali. Ukianza kwa kusukuma unarukaruka kama mtu anayetafuta ugomvi. Na unakula mbao yenyewe, unene wa meno yake; kwa hiyo unakata kando ya mstari, upande wa kipande cha kutupa, si juu ya mstari.

Kuchora mstari nilitumia ujuzi wa kazini. Kipande cha shuka kilichopigwa wanga, kikavu kama karatasi, nikakizungusha kwenye mguu hadi ncha zikakutana sawasawa, nikachora. Miguu yote minne kwa kipimo kimoja. Kaka alisema toa shubiri. Nikatoa shubiri.

Mbao ngumu ile! Jasho mpaka kwenye miwani. Lakini ilikatika. Vipande vinne, vinalingana. Nilivipanga sakafuni nikavitazama, nikafurahi kama mjinga.

Tukasimamisha kitanda. Kikayumba.

Mguu wa pembeni, karibu na dirisha, ulikuwa haugusi chini. Nikajua nimeukata mfupi. Kaka hapohapo, ujumbe: usije ukaharibu kitanda cha Mama. Nikasema sitaki aje akute kitanda kinacheza. Injinia keshaondoka. Nikakilaza mwenyewe, nikapunguza ile mitatu ifanane na huo mfupi. Kusimamisha — sasa huo mmoja mrefu! Nikaupunguza. Sasa ile mitatu mirefu. Mkono umechoka, mstari sichori tena, nakata kwa macho. Nalazimisha. Nilikata mpaka kikaacha kuyumba, na kilipoacha nikakaa juu yake nikaona magoti yangu yako karibu na kidevu.

Mama karudi. Kasimama mlangoni, kakitazama. Akasema kimekuwa mkeka. Akageuka, akashika ukingo, akakaa. Akaendelea kukaa. Alishuka, akashuka, mpaka nikaogopa.

Kisha akajaribu kuinuka. Akajaribu tena. Tena. Sikuweza kutazama, na sikuweza kutotazama. Mwishowe nikampitishia mikono kwapani nikamwinua. Aliangalia ukutani muda wote nilipokuwa nimemshika. Hakusema kitu. Mama yangu, ambaye ana la kusema hata kuhusu mvua.

Sanduku lake la nguo, lililokuwa likikaa mvunguni, haliingii tena. Nimeliweka sebuleni.

Jumatatu, 11 Machi

Nimemwinua asubuhi. Mchana mke wa Injinia kamwinua. Jioni mimi tena. Mgongo.

Kaka akimchukua nitalala. Nitalala kweli.

Jumatano, 13 Machi

Nikiwa namfunga kilemba, Mama kauliza, kama mtu anayeulizia chumvi: kile kipande cha kandambili nilichokiweka chini ya mguu wa dirishani, umekipeleka wapi?

Nikaganda na kilemba mkononi.

Kumbe! Chumba hiki zamani kilikuwa cha kufulia. Pale pembeni, karibu na dirisha, palikuwa na tundu la maji. Wenye nyumba wakaliziba kwa saruji lakini sakafu ikabaki imezama kidogo. Ukipita huoni. Kitanda kinaona. Siku ya kwanza alipohamia kiliyumba, Mama akakata soli ya kandambili iliyokufa, akaisukuma kwa mguu chini ya ule mguu. Kikatulia. Mimi sikujua. Wabebaji hawakujua. Mimi nikaja nikafagia.

Maana yake mara ya kwanza nilikata sawa. Minne yote. Sawa kabisa! Kilichopinda ni sakafu, na mimi nikaikata miguu iifuate sakafu.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha sikucheka tena. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema hukuniuliza. Ulinivalisha viatu ukanipeleka kwa jirani kama mtoto anayesumbua, ukakata kitanda changu mimi nikiwa naangalia televisheni ya watu.

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana limeniuma mpaka sasa.

Mimi nimezoea kumfanyia. Namfanyia haraka ili nimalize, nikimaliza nianze kingine. Kumuuliza kunachukua muda, na muda sina. Lakini ni kitanda chake, na goti ni lake.

Baadaye, nikimpa chai, akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kivalishe viatu.

Alhamisi, 14 Machi

Seremala kacheka sana. Kamwita na mwenzake nirudie hadithi. Nikairudia — ningefanyaje? Nilitaka mbao.

Lakini wazo la Mama kalikubali bila hata kujikuna kichwa. Kila mguu uvae kiatu: kigogo kinene chini, kuta nne fupi zimezunguka juu yake, mguu unatumbukia ndani hauwezi kuteleza. Kuweka kigogo kitupu bila kuta, akasema, siku moja kitanda kitasogea na mama ataamkia sakafuni. Gundi na skrubu, vyote viwili. Gundi ilale usiku mzima bila kuguswa.

Kanipa mabaki ya mbao ngumu, mfuko mzima. Nikaubeba kama mtoto, mfuko.

Ijumaa, 15 Machi

Nimeomba ruhusa nitoke mapema. Msimamizi kaniangalia kama nimeomba hoteli.

Tumefanya kazi mimi na Mama, uani, kivulini. Kwanza vipimo. Safari hii nimeuliza. Nikamwambia Mama, kiti gani humu ndani unainuka bila kufikiri? Akasema kile cha plastiki cha jikoni. Kweli! Kila siku anainuka pale, anakuja kunikosoa chumvi, sijawahi kumsaidia. Nikakileta. Akakaa, nikapima kutoka chini hadi nyuma ya goti lake. Hiyo ndiyo sahihi. Si shubiri ya Kaka. Kaka ana mkono kama kafi.

Na godoro? akauliza. Godoro linabonyea. Kaa juu yake, nikamwambia. Akakaa, nikapima tena likiwa limebonyea, kisha nikamwinua. Akaniambia: hiyo ya mwisho kuniinua. Ilikuwa kama amri.

Miguu ya kitanda nikainyoosha kwanza, kidogo kidogo, kwa kile kipande cha shuka, nikipima kutoka kwenye ubao wa ubavuni, si kutoka sakafuni. Sakafu siiamini tena. Kisha vigogo. Nikakaza kibano kwenye ukingo wa karo la kufulia. Mama kwenye kiti chake cha plastiki, mbali na vumbi, upande ambao msumeno hauelekei — nilimpanga mimi, na safari hii nilimweleza kwa nini.

Macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Masikio ndiyo. Nikikata vizuri alinyamaza. Nikichoka nikaanza kusukuma kwa nguvu, alisema: "Pumzisha mkono." Nikamuuliza anajuaje. Eti msumeno unabadilika sauti, unalia kama mtu anayeburutwa. Nikajaribu kusikiliza. Ni kweli. Ukiuacha uende kwa urefu wake wote, unaimba wimbo mmoja. Ukiulazimisha unakoroma.

Simu ya Kaka ikaita katikati ya kigogo cha tatu. Nikageuka kuitazama — kugeuka tu! — msumeno ukaruka njiani mwake ukanigusa kucha. Kucha imekwaruzika, damu kidogo sana. Nikamkumbuka seremala na mkewe. Mama kasema simu ina siku nyingi za kuishi kuliko kidole, iache ilie. Tukaiacha ilie.

Kipande kinapokaribia kukatika nakishika kwa chini kwa mkono mwingine, kisidondoke na kurarua nyuzi. Mwisho ndipo pa kwenda pole pole. Kila mtu anakimbilia mwisho.

Vigogo vinne viko tayari. Mikono yote inauma, lakini si ule uchovu wa mashuka. Sijui tofauti ni nini. Labda mashuka kesho yanarudi machafu.

Jumamosi, 16 Machi

Kuta za viatu, skrubu, gundi. Injinia kaja kuinua kitanda, kaingia na heshima zake zote, kaomba ruhusa kwa Mama kwanza. Mama kampa. Viatu viko miguuni. Kipande kipya cha kandambili nimekata kutoka kwenye kandambili yangu mwenyewe, kimekaa chini ya kiatu cha dirishani. Nilikitikisa kitanda. Nikakitikisa tena. Hakijibu.

Kimependeza, jamani. Viatu vyeupe, kitanda cheusi. Mama kasema kama bwana harusi wa zamani.

Nikamwambia jaribu. Kakataa. Gundi bado, akasema, na seremala kasema usiku mzima. Nikamwambia basi kesho asubuhi, kabla Kaka hajafika, ili tujue. Kakataa hilo pia. Hafanyi mazoezi kwa ajili ya mtoto aliyemzaa. Kama naweza naweza, akasema. Na kama siwezi, sitaki kujua mara mbili.

Analala sebuleni kwenye kochi leo. Mimi hapa sakafuni karibu yake.

Nimejiuliza kama nataka aweze. Nimejilazimisha kulijibu. Nataka abaki. Nataka pia siku moja nilale mpaka jua liniguse. Yote mawili ni kweli na hayapatani, na nimechoka kuyapatanisha.

Jumapili, 17 Machi

Asubuhi. Mama kakaa kitandani, kajilaza. Kukaa ni rahisi, kila mtu anaweza kukaa. Amevaa gauni lake la kutokea. Ananiambia nifungue pazia.

Kaka alisema saa kumi. Ni saa nne, na hiyo ni honi yake.

Kaka kaingia na begi tupu. Amelishika ovyo ovyo, kama mtu aliyelisahau mkononi, lakini naliona. Kanisalimu vizuri, kaniuliza kidole kina nini. Kamwamkia Mama kutoka mlangoni. Kakitazama kitanda, viatu vyake, kwa muda. Akaanza kusema kitu. Mama akamkatiza: simama hapohapo. Usiingie.

Kisha akanigeukia mimi. Ananijua. Mikono yangu ilikuwa imeshanyooka. Akasema: "Na wewe kaa kwenye kiti. Si una daftari lako lile? Andika andika yako. Usinishike."

Basi nimekaa. Naandika. Niko kwenye kiti cha plastiki, mgongo wangu kwa dirisha — hapana, Mama kaniambia nisogee, namzibia mwanga. Nimesogea. Dirisha sasa liko nyuma yake.

Kageuka ubavu. Miguu imeshuka, mmoja, na mwingine. Nyayo zote mbili ziko chini. Zimelala sawasawa, visigino vimegusa. Sakafu haiko mbali.

Kaka kapiga hatua. "Rudi," Mama kamwambia. Karudi.

Kashika ukingo. Anapumua. Sitazami, natazama kalamu. Lakini nasikia — yeye kanifundisha kusikia. Godoro linalia. Viatu havilii. Hakuna kinachoyumba. Nguo zinachakarisha, hilo ni gauni. Sasa godoro limepumua, kama linavyopumua mtu akiliachia.

Mikono yangu inataka kwenda. Naikalia kwa maneno haya. Nataka abaki, nataka abaki, naandika nisiinuke.

Kivuli chake kimefika kwenye karatasi. Kinarefuka. Kimepita tarehe, kimepita honi na begi, kimesimama hapa, kwenye mstari huu, kinatetemeka kidogo. Kaka hajasema neno.